Kicheko cha Baa ya Kaltumu

Kaltumu alipomwajiri binti mmoja awe mhudumu wa baa yake mjini Koboko, mwaka wa sabini na nne, mshahara haukuwashinda; walivutania Jumatatu. Binti aliitaka siku hiyo akalime na mama yake kijijini Ludara. "Jumatatu askari iko na kiu," akasema Kaltumu. "Hapana." Basi kila siku binti akawachekea askari, kiganja shavuni, hata walipomtania, "Cheka wewe, meno iko ya nini?" Chakula alikula peke yake, ameuelekea ukuta ili mashavu yapumzike. Siku Kaltumu alipomwambia kwamba mama yake amefariki, akacheka. Kicheko kile kile, kiganja shavuni, machozi yanamwagika. "Mama Kaltumu, saidia mimi! Hii kitu inakataa kuisha!" Tangu hapo baa hufungwa Jumatatu. Kaltumu amepoteza walevi wake wazuri. Binti amepata siku yake, naye hulima peke yake.