Upande wa Pili wa Minyara

Jirani yangu hapa Didia alikuwa bibi mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu. Mayu alikuwa na mkwe kutoka Burundi. Huyo mkwe hakuna aliyemwita kwa jina. Kwetu mwanamke huitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wake, na yeye hakujaliwa mtoto. Basi watu wakasema "yule Mrundi" na ikawa hivyo, hata mimi niliyempenda kama dada nikajikuta nasema hivyo hivyo. Mayu peke yake ndiye aliyemwita ng'wanone, mwanangu.

Alikuja kwetu na jeneza. Mtoto wa mwisho wa Mayu alikuwa mchimbaji upande wa Bulyanhulu, si kwenye mgodi mkubwa bali kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na huyu mwanamke alikuwa akipika wali na maharage hapo hapo machimboni. Waliishi pamoja bila harusi ya kanisani na bila ng'ombe wa mahari, kama wengi wanavyoishi kule, ambako kila mtu ametoka kwao na hakuna mzazi wa kuulizwa. Mvua ikanyesha, duara likatitia, kijana akafa. Wenzake walichanga wakamleta, maana machimboni mtu akifa swali la kwanza ni kwao wapi. Mrundi alikaa nyuma ya gari na jeneza njia nzima, akashuka vumbi limemjaa mpaka kope.

Kwetu makaburi yako nyumbani. Mji wa mtu, yaani boma lake, umezungushiwa minyara, ile miti ya kijani isiyo na majani, yenye utomvu mweupe unaochoma macho, na wafu wa mji huo wanalala ndani ya minyara pamoja na walio hai. Kijana akazikwa ndani, upande wa zizi. Matanga yalipokwisha, Mayu alimwambia mkwe wake arudi Burundi akatafute watu wake.

"Mayu, nikienda nitakuwa nakuwaza njia nzima, halafu nitarudi," alisema. "Afadhali nisiende."

Akabaki. Alilima, alichota maji, alikamua, na macho ya Mayu yalipoanza kuingia giza alimshika mkono kila Jumapili mpaka kanisani. Wapo waliosema anangoja urithi. Urithi gani, sijui, labda zile bati zilizooza na mbuzi wawili watatu. Watu wakikosa la kusema juu ya wema wa mtu huutafutia bei.

Mwaka mmoja maofisa wa uhamiaji walipita vijijini. Mmoja alifika kwa Mayu na pikipiki, kijana wa heshima tu, akauliza yule mgeni yuko wapi. Mayu akamjibu kwamba mgeni aliyepo hapo ni yeye afisa, akaagiza aletewe maji. Aliyeleta maji ni Mrundi mwenyewe, akapiga goti kama wanawake wetu wanavyofanya, akamkaribisha kwa Kisukuma chenye lafudhi ambayo hata mtoto angeitambua. Kijana alikunywa, akamtazama yeye, akamtazama Mayu, akasema atarudi. Hakurudi. Siku ile nilimshukuru Mungu, nikadhani mpaka ulio mgumu tumeshauvuka.

Alhamisi wanawake wa kanisa letu tulikuwa tukikutana kwa Mayu kusoma Neno, kwa kuwa yeye hakuweza tena kusoma. Msomaji nilikuwa mimi. Niliuza vitenge Nyahanga, pale Kahama, miaka mingi kabla ya kurudi kijijini, na sauti ya sokoni haijaniisha. Wenzangu walisikiliza huku wakikata viazi vya kuanika michembe. Siku tuliyosoma habari za yule mjane wa Moabu, aliyekataa kumwacha mama mkwe wake, akaapa kwamba atafia na kuzikwa atakapofia mama mkwe, Mrundi aliweka kisu chini. Nikasoma mpaka mwisho: shamba la mtu, mavuno, ndoa, mtoto, na ukoo unaoishia kwa mfalme.

"Na walimzika?" akauliza.

"Walimzika nani?"

"Huyo Mmoabu. Aliapa kuzikwa pale. Walimzika pale?"

Nilirudi nyuma kurasa, nikaenda mbele. Haikuandikwa. Kitabu kinaishia kwenye majina ya wanaume.

Siku ile alikuwepo mzee wa kanisa, aliyekuja kutuangalia kama tunasoma sawasawa. Akakohoa, akasema tusisahau kwamba torati ilimkataza Mmoabu asiingie kwenye kusanyiko la Bwana, yeye na uzao wake, hata kizazi cha kumi. Nikamwambia torati hiyo hiyo inaagiza mgeni apendwe kama mzaliwa, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri, na tena huyo Mmoabu akawa bibi wa wafalme. Akasema mimi nina mdomo. Ni kweli ninao.

Mrundi hakuwa anasikiliza ubishi wetu. Jioni tulipokuwa tunaanua viazi alinionyesha kaburi la mumewe, alilokuwa akilifagia kila asubuhi. Pembeni yake alikuwa ameacha sehemu bila kupanda kitu.

"Hapa Mayu," alisema. "Halafu mimi, huku mwisho. Sitaki kingine, dada yangu. Nilikotoka sijui hata mama yangu alilala wapi. Hapa angalau nimepaona."

Alisema "halafu mimi" kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba angetangulia. Alianza na homa, kifua kikafuata, na kabla hatujazoea kumwona kitandani alikuwa ameshatutoka. Mayu alikaa karibu naye akimpapasa uso kwa kiganja, akiuliza mbona ng'wanone amepoa.

Ukoo ukakaa kikao. Msemaji alikuwa shemeji yake, mtoto mkubwa wa Mayu. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu mbaya ningemtukana nikalala. Alisema kwa upole kabisa kwamba marehemu hakutolewa ng'ombe. Kwa mila yetu mwanamke asiyetolewa ng'ombe bado ni wa baba yake, na wa kumzika ni watu wa baba yake. Akilazwa ndani ya minyara, wafu wa ukoo watauliza huyu ni nani.

"Basi watoeni leo," nikasema. Sikutakiwa kusema, nilikuwa jirani tu. "Si inajulikana kwamba hata msibani ng'ombe hutolewa?"

"Hutolewa, mama. Lakini tumpe nani? Ana baba? Ana kaka? Nani atapokea?"

"Sisi kanisa tutapokea. Ni dada yetu."

Hakucheka. Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua: "Kanisa ni ukoo gani?"

Niligeuka kumtazama mchungaji. Niligeuka kumtazama mzee wa kanisa. Kila Jumapili tunaimba kwamba tu wa baba mmoja, na hapo ndipo mahali pa kusimama mtu mmoja kati yao aseme, mimi ndiye baba yake, nileteeni ng'ombe. Mchungaji aliangalia viatu vyake, akasema mambo ya mila yana wenyewe, tusiingilie. Nikawakumbusha kwamba baba wa imani yetu alifiwa na mkewe ugenini, akasimama mbele ya wenye nchi akiomba kaburi huku akijitaja kuwa mgeni, na wale wapagani wakamwambia achague katika makaburi yao lililo zuri kuliko yote. Nikawauliza sisi tuliobatizwa tumekosa nini ambacho wale Wahiti walikuwa nacho. Shemeji akanipa pole ya msiba, kikao kikafungwa.

Kaburi likachimbwa nje ya minyara, mkabala na lile la mumewe. Ukisimama hapo unaweza kulitupia udongo.

Mchungaji alihubiri vizuri sana. Alisema sisi sote hapa duniani ni wapitaji, uenyeji wetu uko mbinguni, ambako hakuna Mrundi wala Msukuma. Watu wakaitikia amina. Mimi nilishindwa. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, kwa sababu yale maneno ni ya kweli na tulikuwa tunayatumia kumnyima mtu kipande cha ardhi. Sisi wenyewe wapitaji kila mmoja anajua pa kulazwa.

Hakuna aliyekuwa amemweleza Mayu. Wakati wa kwenda kuzika nilimshika mkono, maana aliyezoea kumshika ndiye tuliyekuwa tunamzika. Alitembea mpaka tulipofika kwenye nafasi ya kuingilia bomani. Mkono wake wa pili ukagusa minyara, akasimama.

"Mbona tunatoka?" aliuliza.

Waliobeba jeneza walisimama pia. Aliuliza tena, kwa sauti ya mtu anayedhani kiongozi wake amekosea njia. Mtoto wake alikuwa mbele yetu hatua chache tu. Hakugeuka. Nikamwambia, "Twende, Mayu," naye akanifuata. Sijawahi kulia msibani kama nilivyolia siku ile, hata kwa mume wangu.

Baada ya hapo Mayu aliishi kidogo tu. Alikataa kuongozwa na mtu mwingine kwenda kanisani, Neno tukalisoma hapo hapo nyumbani. Alhamisi moja, mwanawe akiwepo, alisema nami mtanizika nje. Mwanawe akadhani ni hasira za uzee, akamwambia mama, wewe ndiye mwenye mji. "Huyu alinifuata nchi yangu," Mayu akasema. "Sasa zamu yangu kumfuata." Akamfanya mtoto wake amshike mkono na kukubali mbele yetu. Kwetu maneno ya mzee anayeondoka hayachezewi. Asiyemwogopa Mungu bado anawaogopa wafu wake.

Alipofariki walimtoa kwa njia ile ile na kumlaza nje, kando ya mkwe wake. Mchungaji alihubiri juu ya Bwana aliyeteswa nje ya lango. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii nikaitikia amina.

Ukoo haukupata usingizi. Mama mwenye mji amelala nje kama mpita njia, mbuzi wa watu wanamkanyaga. Mvua za kwanza ziliponyesha nilimwona shemeji akikata vijiti vya minyara na kuvichomeka upande wa pili wa yale makaburi mawili, kuyazunguka. Vilipoota akaung'oa uzio wa zamani uliowatenga na wenzao, shina kwa shina, macho yamemvimba kwa utomvu. Ilibidi Mayu atoke ndipo Mrundi aingie, na Mrundi hakuwepo kuona.

Siku ya kusakafia makaburi aliniita. La Mayu alikuwa ameshaliandika. Kwenye lile la pili alisimama na msumari mkononi, saruji ikiwa mbichi bado.

"Jina lake nalijua," alisema. "Lakini chini ya jina tunaandika mke wa fulani, au mwana wa fulani. Mke siwezi, ng'ombe hawakutoka. Baba yake simjui. Niandike nini, mama?"

"Mayu alimwita nani?"

Alichuchumaa pale. Kisha akaandika jina, na chini yake akaandika "mwana wa", kisha jina la Mayu, mama yake yeye mwenyewe. Herufi za mwisho zimepinda kidogo, saruji ilikuwa imeanza kushika.