Zulma na vita vya kizimba cha tisa

Saa moja asubuhi, kabla hata hajaonja yerba yake, chai chungu ya majani, Zulma Etcheverry anavaa glavu na kuinamia kizimba cha tisa. Anamtafuta Mkia.

Mkia ni panya mweupe, wa chini kabisa kati ya madume wanne wa humo. Zamani alijua kuishi. Mkubwa wao, Sharubu, akimjia, Mkia hulala chali na mambo yanaisha. Wakikutanishwa ndani ya bomba jembamba, yeye ndiye hurudi kinyumenyume.

Damu ilianza baada ya sikukuu ya Kanivali.

"Nilitaka niwaachie nyumba safi kwa sikukuu, kama ninavyofanya kwangu," anasema Zulma, 52, mtunza wanyama katika maabara moja ya Montevideo. "Nikatupa maranda, nikatupa na kiota. Nikasugua mpaka pakang'aa."

Harufu nayo ikaondoka. Kwa panya, harufu ndiyo husema nani mkubwa; ikifutika, ukubwa hugombewa upya. Aliporudi kazini alimkuta Mkia ameng'atwa mgongoni, na Sharubu akimshambulia hata akishalala chali.

Daktari Ivonne Bentancor, anayechunguza vyeo vya panya hao, alitoa muda hadi Ijumaa. Wasipotulia, kila mmoja atatengwa.

"Panya wa peke yake hunyong'onyea, Bi Zulma. Osha, lakini kiota wanacholalia sasa kirudishe kilivyo."

Mwenzake Zulma kazini, Washington Olivera, hakumwacha apumue. "Mama wee, umewafulia mpaka heshima!"

"Nyamaza, mzee. Tangu nije hapa chupa ya maji moto unaishika wewe tu. Nani kakuchagua kutumiminia yerba?"

"Mimi ndiye Sharubu. Wewe kazi yako kurudi nyuma."

Zulma alicheka, ila neno hilo lilimchoma. Nafasi ya msimamizi imempita mara mbili kwa kukosa cheti cha sekondari. "Nikiulizwa shule," anasema, "naangalia viatu."

Leo ni Ijumaa. Anafunua kiota taratibu. Wote wanne wamelala fungu moja, Mkia chini ya kidevu cha Sharubu. Kidonda kimekauka. Sharubu anaamka, anamnusa. Mkia analala chali. Sharubu anapita zake.

"Waache pamoja," Ivonne anasema, akitabasamu.

Nje, Washington ameshajaza yerba katika kibuyu cha kunywea. Zulma anaipita mikono yake na kuishika chupa.

"Lete, mzee. Leo namimina mimi."

Mwezi wa Machi Zulma anaanza masomo ya sekondari ya jioni.

"Mkia akirudi nyuma anapata usalama," anasema, akimimina bila kumwaga hata tone. "Mimi usalama huo nimeshaupata wa kutosha."