Kwamboka na Maonyesho ya Watu Wazima

Kwamboka aliegesha gari mbali na ukumbi, akavaa wigi na barakoa, kisha akakaa ndani ya gari dakika kumi. Muuguzi aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, aliyezoea maiti na wagonjwa wenye matusi, leo alikuwa anaogopa mlango. Usimcheke. Bango lililokuwa juu ya mlango huo lilikuwa na mwanamke aliyevaa kamba tupu, na chini yake maandishi ya kuonekana hadi barabara kuu: maonyesho ya watu wazima, mapenzi na afya, siku tatu hapa Dallas.

Kliniki yake ndiyo iliyomtuma, akapime watu virusi vya UKIMWI bure. Kazi hiyo hakuionea haya. Aliogopa kanisa. Kanisa lao la Wakenya pale DeSoto ndilo lililomshika mkono mumewe alipofariki. Akina mama walilala kwake wiki mbili, wakapika, wakamwogeshea watoto, na Texas nzima hakuwa na ndugu wengine. Lakini akina mama haohao mwaka jana walimtenga dada mmoja kwa kosa dogo kuliko lile bango. Kwa hiyo alipoulizwa kwa nini hatafika kwenye mkutano wao wa Jumamosi, Kwamboka alidanganya kwamba ana zamu kwenye nyumba ya wazee.

Kibanda chake kilikuwa kona ya nyuma, kati ya wauza mafuta ya kuchulia mwili na meza ya vitu ambavyo hapa havitatajwa. Kila aliposikia sauti ya mwanamke nje ya pazia, aliivuta barakoa juu zaidi.

Saa nane mchana aliingia mama mmoja Mwafrika, kofia pana, miwani myeusi, barakoa kama yake. Alinyoosha kidole bila neno. Kwamboka naye alisema yale ya lazima tu, kwa Kiingereza cha puani. Akachoma.

"Pole," alisema.

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka muuguzi yeyote wa kwetu akishika sindano. Alitamani kulimeza. Mkono wa yule mama ulikakamaa ndani ya mkono wake.

"Kwamboka?"

Sauti ile aliijua vizuri. Ndiyo iliyofungua kila mkutano wa akina mama kwa maombi. Alikuwa Mama Kiprop, mwenyekiti wao, ambaye asubuhi hiyo alituma ujumbe kwamba presha imempanda na mkutano uendelee bila yeye.

"Mama, si vile unafikiria. Niko kazini," Kwamboka alisema.

"Na mimi, unadhani nimekuja shopping?" Mama Kiprop alivua miwani. Macho yalikuwa yamevimba. "Nimepata dawa kwa lori ya mzee wangu, amebandua jina lake kwa chupa. Nika-google namba iko kwa tembe. Ni za virusi. Sasa ningeenda kliniki gani? Kila mahali kuna nesi wa kanisa. Nikasema huku hakuna mtu wetu anaweza kanyaga."

"Hata mimi nilisema hivyo, Mama."

Walisubiri dakika kumi na tano wakiwa wameshikana mikono. Ikatokea mistari miwili, ishara kwamba virusi vipo. Kwamboka alieleza kama alivyofundishwa, kwamba kipimo kitarudiwa maabara, dawa zipo, watu wanazeeka nazo. Sauti ilikuwa tulivu. Mama Kiprop aliuliza swali moja tu.

"Utasema?"

"Siwezi, Mama. Hata wanichinje."

Jumapili baada ya ibada, akina mama walibaki kwenye chumba cha chai. Fiona, ambaye huendesha teksi wikendi, akasimama na simu. Jana alikuwa ameshusha abiria pale ukumbini, akapiga picha: Kwamboka, wigi mkononi, akitoka chini ya lile bango.

"Zamu ya nyumba ya wazee, eh? Hebu tuambie, dada, ulikuwa unatafuta nini huko?"

Simu ilizunguka meza nzima. Kwamboka aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ya mazishi. Angeweza kusema alikuwa anapima watu. Lakini wangeuliza ni nani wa kwetu aliyekwenda kupimwa, na wangeanza kukumbuka nani hakuwa mkutanoni. Akainamisha kichwa, huku akiwawaza watoto wake wakibaki bila shangazi hata mmoja.

"Alikuwa kazini," Mama Kiprop alisema. "Nilimwona."

"Ulimwona wapi, Mama?" Fiona aliuliza.

Mama Kiprop aliweka kikombe chini. Plasta bado ilikuwa kidoleni.

"Hapo kwa picha," alisema. "Mimi nilikuwa ndani, nimempa kidole anipime."