Kanisa, Shule na Kodi ya Ploti

Mfumo wa nane-nne-nne ulipoletwa, shule yetu ya manispaa hapa Kisumu ilipata darasa la nane lakini haikupata chumba cha kuliweka. Wanafunzi wakubwa wakapewa chumba changu, na mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, nikatolewa nje na watoto wangu. Jua la Kisumu halina adabu. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaenda kumbishia hodi pasta wa kanisa la jirani. Sikuwa msichana wa kubembeleza. Nilimwambia kanisa lake linalala Jumatatu hadi Jumamosi huku watoto wa waumini wake wakiungua.

Alikubali, ila kwa woga. Kanisa halikuwa likilipa kodi ya ploti kwa manispaa, kwa kuwa ni nyumba ya ibada. "Mwalimu, hao kanjo wa manispaa wakijua hapa kuna shule, watasema hii si kanisa tena," alininong'oneza. "Tutalipa mpaka tufunge mlango." Na mlango ukifungwa, sisi tungerudi juani. Kwa hiyo ubao niliuegemeza nyuma ya mimbari, na watoto wakawa wanapiga magoti sakafuni na kuandikia juu ya mabenchi. Ukiwaona kwa mbali ungedhani wanaomba. Pasta aliupenda sana mpango huo.

Jumanne moja karani wa manispaa akaja, faili kwapani. Pasta alimwona kupitia dirisha, akaruka mbele, akainua mikono na kuanza maombi. Nikafumba macho. Watoto, maskini, wakafumba yao. Maombi yakapita kwa wajane, yakapita kwa wagonjwa, na karani akasimama mlangoni ameinamisha kichwa kwa heshima. Tulikuwa tumefika kuombea mvua mtoto mmoja aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, naweza enda choo?"

Karani akafumbua macho. "Mwalimu?"

Njia ya mwongo ni fupi, nami sikuwa na hamu ya kuifuata hadi mwisho. "Ndiyo, mwalimu," nikamjibu kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. "Hii ni class one. Ukiwafukuza, uwabebe uende nao kwako."

Alicheka mpaka faili likamponyoka. "Madam, kanisa hatutozi. Shule pia hatutozi. Mimi nimefuata ile kitu inanguruma."

Ndipo tuliposikia. Nyuma ya ukuta, posho mill ya kina mama wa kanisa ilikuwa ikisaga mahindi, kama ilivyosaga kila siku tangu tuingie pale. Tulikuwa tumeizoea hata hatukuisikia tena. Tumeficha watoto, tukaacha kinu! Pasta aliketi kwenye benchi taratibu, juu ya daftari la mtu.

Wazee wa kanisa walibishana Jumapili tatu. Kina mama walinuna, na sikuwalaumu. Mwishowe wazee waliamua kuihamishia mashine sokoni, kwa kuwa biashara ndani ya ploti ya kanisa ingetozwa kodi, na mwenyekiti wa kina mama akaniletea ufunguo wa chumba kilichokuwa cha kinu. "Chukua, nyathina," akasema, kana kwamba mimi ni binti yake. "Lakini utafagia mwenyewe."

Nilifagia siku mbili. Hata hivyo unga uliendelea kushuka kutoka darini, na kwa wiki kadhaa watoto wangu walirudi nyumbani na nywele nyeupe. Sikujali. Tulikuwa na chumba chetu, na ubao ulining'inia ukutani bila kujificha.

Karani alirudi muhula uliofuata. Aliniomba chaki, akaandika neno moja mlangoni kwa herufi kubwa, ili wapimaji wa kodi watakaomfuata wasije wakakihesabu chumba kile kuwa cha kinu bado. Kabla hajanirudishia chaki, msichana mmoja ambaye hadi siku hiyo hakuwa amenisomea hata neno moja peke yake alisogea mlangoni, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Shu," akasema. Akasogeza kidole. "Le." Akageuka kunitazama, macho yamemtoka. "Shule!"

Nilifurahi. Nikamwambia alisome tena, kwa nguvu, hata kina mama kule sokoni wamsikie.