Nilivyomchelewesha Mama Mkubwa

Kuna wakati mtu yeyote wa Nachingwea aliyekuwa anarekodi nyimbo nyumbani kwake, kompyuta ikimgomea, alinipigia simu mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Chumba cha nyuma cha nyumba yangu nimekigeuza studio: ukutani nimetundika vitenge na magodoro ya zamani ili sauti isirudi, mezani kuna kompyuta, maikrofoni moja nzuri na hedifoni. Narekodi kaswida, kwaya, nyimbo za harusi na nyimbo za kumtoa mwali.

Shida za watu zilikuwa zilezile. Sauti inakwaruza? Funga programu nyingine zote, kompyuta imezidiwa. Sauti inapasuka? Umefungulia maikrofoni mno, punguza. Umeimba mchana kutwa na kilichoingia ni mlio wa feni tu? Programu inasikiliza maikrofoni ndogo ya kompyuta yenyewe, wala siyo ile uliyoichomeka. Nilijibu huku nasonga ugali, simu nimeibana begani, na nikishakata nilicheka peke yangu kwa ujinga wa watu. Niseme ukweli, kule kuulizwa kulinipa kichwa. Ualimu nao umenipa ugonjwa wa kusahihisha: nikisikia kosa siwezi kulivumilia, na huwa nina hakika nani amelifanya.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, anakaa Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Ndiye aliyenicheza unyago nilipovunja ungo, na ndiye aliyeniimbia siku ya kutoka. Kwetu wimbo wa kumtoa mwali huongozwa na mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo. Mwali anatoka ndani amepakwa mafuta, kanga mpya, kichwa ameinamisha, na yule mkubwa anatangulia mbele akiwataja bibi zake mmoja mmoja, kuanzia wa kale, wanawake wakiitikia. Mtoto hainui uso mpaka wimbo ufike kwenye jina lake mwenyewe. Mimi nakumbuka vumbi la ua ule, visigino vya mama mkubwa mbele yangu, na furaha niliyoipata niliposikia jina langu likitajwa baada ya marehemu wote wale.

Mwaka ule mjukuu wake alikuwa atoke likizo ya Juni. Lakini tangu mvua za masika kifua kilikuwa kinambana mama mkubwa, akisukuma sauti anakohoa. Alinipigia simu akanieleza hofu yake. Aliogopa sauti isije ikamkatikia kabla hajalifikia jina la mtoto, mwali akabaki kainama mbele za watu, wimbo umeishia kwa marehemu. Kwetu hilo ni jambo baya, na angelaumiwa yeye. Akaniomba niichukue sauti yake taratibu, akipumzika anapochoka, ili siku ile itoke kwenye spika, naye atangulie tu mbele kama kawaida. Hakuomba kingine.

Alikuja Nachingwea na wanawake wanne wa kumwitikia, mmoja wao wifi yangu, mke wa mtoto wake wa mwisho. Alitaka waimbe kwa makofi tu, kama ilivyo. Nilimwambia siku hizi watu wanataka mdundo, nikamtengenezea ngoma ya kwenye kompyuta. Kwa kuwa ngoma isingetakiwa kuingia kwenye maikrofoni, ilibidi aisikilize kwa hedifoni. Nilikuwa na hedifoni mpya za bila waya, nyeusi, kubwa, nilizoagiza Dar es Salaam, na nilikuwa naringa nazo. Nilimvalisha juu ya mtandio wake, wenzake wakamcheka, naye akacheka.

Mara ya kwanza alichelewa. Nilimwambia kwa adabu tuanze upya. Mara ya pili alichelewa tena, na ya tatu. Kila mstari wake ulikuja nyuma kidogo ya ngoma, kidogo tu, lakini ukishausikia huwezi kusikia kingine. Kufikia mara ya tano adabu ilikuwa imeniisha, nikatoa ile sauti yangu ya darasa la tatu. Nilimwambia anachelewa, kitu chenyewe chepesi, asikilize ngoma kwanza ndipo aimbe.

"Naisikiliza, mwanangu," akasema. "Naifuata hiyohiyo."

Nilimrudisha mara kumi na moja. Kila alipozidi kujitahidi ndivyo alivyozidi kunikera. Wenzake waliacha kucheka, wakawa wanatazama sakafu. Mwishowe nikamwambia jambo nililoliona la huruma, kwamba asijali, umri ukienda masikio nayo huchoka, siyo kosa lake. Nililisema mbele ya wanawake wote wale, mkwe wake akiwemo.

Alizivua zile hedifoni kwa mikono miwili, akaziweka mezani polepole.

"Basi aimbe mwingine," akasema. "Mtoto asije akachekwa kwa ajili yangu."

Wifi yangu alipokaa kwenye kiti, hedifoni mpya zikawa zimeisha chaji, nikatoa zangu za zamani za waya. Aliimba mara moja tu, akakaa juu ya ngoma sawasawa. Nilimpigia makofi. Kwa kuwa hakuyajua majina ya bibi wa ukoo wetu, mama mkubwa alisimama kando yake akimfundisha, jina kwa jina, kwa kunong'ona, asiingie kwenye maikrofoni. Mpaka leo sijui alikuwa anawaza nini wakati ule, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Juni mwali alitoka. Spika zilipiga vizuri, sauti ya wifi yangu ikajaa ua mzima, na mtoto aliinua uso kwenye jina lake kama inavyotakiwa. Wifi ndiye aliyetangulia mbele, maana isingependeza sauti iwe ya mwingine na anayetangulia awe mwingine. Mama mkubwa alikaa jamvini pamoja na wageni. Watu walinisifia ule wimbo, nikaitikia, na nilikula pilau yangu bila wasiwasi wowote.

Mwezi wa kumi mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Marambo akanipigia simu. Sikuwa namjua. Alisema mwimbaji wake anachelewa kila mara, amemchosha, anafikiria kumtoa amweke mwingine. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Bila hata kuweka kalamu chini nikamuuliza mwimbaji anavaa hedifoni gani. Akasema mpya, za bila waya. Nikamwambia mwimbaji wake hana kosa. Sauti inapotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye hedifoni za namna hiyo inachelewa njiani sehemu ndogo ya sekunde. Mwimbaji anaisikia ngoma ikiwa imeshapita, anaifuata kwa uaminifu, na sauti yake inaingia nyuma. Akijitahidi namna gani hawezi kuwahi, kwa sababu anafuata kitu kilichochelewa. Mpe za waya, nikamwambia. Alinishukuru sana, akasema kweli nasikika kuwa mtaalamu.

Nilisahihisha madaftari mengine mawili. La tatu sikulimaliza. Nilihisi joto likinipanda usoni nikiwa peke yangu sebuleni, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Ningesema sikujua ningekuwa na nafuu. Lakini nilijua. Mwalimu wa kwaya nisiyemjua nilimuuliza kwanza habari za vifaa, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mama yangu mkubwa sikumuuliza chochote. Nilimwona mwanamke mzee wa shamba anayekikoroga Kiswahili na Kimwera chake, nikapata jibu papo hapo, nikaridhika nalo. Hata wifi alipovaa za waya akapatia mara moja, sikushtuka. Nilichokiona ni ujana wake.

Nilifungua kompyuta. Zile mara kumi na moja zote zilikuwepo bado. Nikaichukua sauti ya mama mkubwa, nikaiwahisha kidogo sana, chini ya kufumba na kufumbua, ikakaa juu ya ngoma kuanzia mwanzo hadi jina la mtoto. Nikajaribu ya pili, ya sita, ya kumi na moja. Zote zilikaa. Mtu aliyekuwa anakohoa, anakaripiwa, na anasikia ngoma iliyochelewa, hakupotea hata mara moja.

Katikati ya mistari nilikuwepo na mimi. Maikrofoni ile ni nzuri, inanasa hata aliye mlangoni. Nilisikika nikimwambia anachelewa tena, kwa sauti ambayo mzazi akisikia mwalimu anamsemesha nayo mwanawe atakuja shuleni kulalamika. Nikasikika nikifyonza. Sikumbuki kabisa kumfyonza mama mkubwa, lakini iko pale. Nilifanya nini? Nilikata. Nilipita mstari kwa mstari nikijiondoa, nikabakiza sauti yake na ngoma tu, safi, kana kwamba siku ile chumbani hakuwamo mtu mwenye mdomo mchafu. Kazi hiyo niliifanya kwa uangalifu mkubwa kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuifanya kwenye kompyuta ile, na nilijiona mbaya huku mkono unaendelea.

Halafu sikuenda. Nilijiambia kuna mitihani. Nilijiambia ni msimu wa korosho, watu wa Narung'ombe wako mashambani, nitawasumbua. Wiki tatu nzima nilizipitisha siku baada ya siku kwa visingizio vya kitoto.

Nilipokwenda ilikuwa Jumamosi. Nilifika Ruangwa asubuhi, nikachukua pikipiki mpaka kwake. Nilimkuta uani amekaa chini, anatenganisha korosho na mabibo, amepungua kidogo. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha ile ile, akauliza habari za kazi, akaniita mtaalamu. Jirani yake, aliyekuwa anamsaidia, akaniambia afadhali nimekuja nimshauri mama yangu. Mwezi wa tisa walimfuata aongoze wimbo wa mwali wa nyumba ya pili, wakamwita kwa heshima zote, akakataa. Akawaambia watafute wenye masikio. Mama mkubwa alimkatiza, akasema hayo yamepita.

Nilikuwa nimekuja na spika ndogo. Sikusema kitu, niliuwasha wimbo tu. Aliacha korosho. Alisikiliza sauti yake ikiwataja wazee wake mmoja mmoja, ngoma chini yake, wala hakuna mahali ilipojikwaa. Ilipofika kwenye jina la mjukuu wake alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umenitengeneza?" akauliza. "Kumbe mashine inaweza kumtengeneza mtu?"

Nikamwambia ndiyo, nimetengeneza kidogo.

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimesafiri kutoka Nachingwea kwenda kuungama, na nilipofunguliwa mlango nikadanganya, tena kwa tabasamu. Akafurahi mno. Alimtuma jirani akawaite wenzake, wakaja watatu, wawili wao walikuwepo siku ile studio kwangu. Akataka niurudie wimbo. Walisikiliza, wakanipa mkono, mmoja akaniombea dua nizidishiwe elimu. Mama mkubwa alikuwa ananionyesha kwao kwa kidole, akiwaambia mwanawe kasoma, tazama mtu mwenye sikio bovu alivyonyooshwa. Alijitangaza kuwa mbovu ili mimi nisifiwe.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Singesema ni ujasiri, kwa sababu nilitamani kuondoka.

"Mama mkubwa, sijakutengeneza," nikamwambia. "Hukuwa unachelewa. Zile hedifoni nilizokuvalisha ndizo zilizokuwa zinachelewa. Mimi ndiye niliyekosea, na wewe nikakulaumu mbele ya watu."

Nikawaeleza yote, kwa Kiswahili na kwa Kimwera changu kibovu: simu ya Marambo, zile wiki tatu, na jinsi nilivyojikata mwenyewe kwenye wimbo ili matusi yangu yasisikike. Kuku walikuja kudonoa mabibo na hakuna aliyewafukuza.

"Hata ile ya kwanza?" mama mkubwa akauliza.

"Hata ya kwanza. Zote kumi na moja."

Nilitegemea anikaripie, na nilitaka anikaripie, maana ningejua la kujibu. Aliitazama mikono yake yenye utomvu wa korosho, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeniarifu tu habari za nyumbani:

"Mimi tangu siku ile, nikiwa peke yangu shamba, napiga makofi naimba. Napiga, naimba, napatafuta hapo ninapochelewa. Miezi yote hii sikupaona. Nikasema basi, nimezeeka mpaka kosa langu mwenyewe silisikii."