Herufi Nene za Ghala la Ngulyati

Harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa bado inanipandisha hasira. Niliinusa mara ya kwanza pale Ngulyati, wakati serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, na kila mnunuzi akataka ghala lake lionekane kutoka mbali. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuja kutoka hata Nkololo ikiwa imesheheni pamba, na wenye mizigo wengi walisoma kwa shida, kama mimi. Herufi nyembamba zenye mikia hawakuhangaika nazo. Zilitakiwa herufi nene, zisizo na madoido, unene mmoja juu mpaka chini: A kama paa la nyumba, O duara kamili. Mtu azione akiwa mkokotenini, asimamishe ng'ombe.

Mimi ni Kulwa. Doto ni pacha wangu, mwanamume. Baba yetu, Masunga, alipewa na mnunuzi mmoja wa Mwanza kazi ya kuandika SOKO LA PAMBA ukutani, akatukabidhi sisi, maana nyumbani tulishazoea kuchora kuta kwa mkaa. Tulipaka uzi masizi, tukaukaza ukutani, tukaufyatua uache mstari. O tuliizungushia kifuniko cha sufuria ya mama. Doto akapanda ngazi, mimi nikavuka barabara kutazama. Ajabu! O ilikuwa na kimo kilekile cha K, lakini kwa macho ilionekana imenywea.

"Doto! Hiyo O ina njaa. Iongeze!"

"Nimepima, ziko sawa!"

"Umepima kwa uzi. Mkulima atapima kwa macho. Chukua kifuniko cha sufuria kubwa!"

Akaizidisha kidogo juu na chini ya mstari. Maneno yakatulia ukutani. Mpaka leo sijafanya jambo zuri kuliko lile.

Mnunuzi alipofika alitazama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Fundi ni nani? Nataka nimpeleke Mwanza, akajifunze, aniandikie maghala yote." Nikafungua mdomo, baba akaniwahi.

"Ni Doto, bosi. Huyu msichana alikuwa anashika ngazi."

"Baba, mimi ndiye..."

"Nyamaza, Kulwa. Utapanda ngazi mbele za wanaume, sketi inapepea?"

Wapakiaji wa pamba wakaangua kicheko, wakaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, shika ngazi isianguke!" Doto akainamia brashi yake. Alijua. Nawataja kwa majina isije ikasemwa ni bahati mbaya: Masunga alisema uongo, Doto akaunyamazia.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mbona sifa ziliangukia kidole kimoja? Doto alikwenda Mwanza. Mimi shule iliishia hapo, nikabaki na jembe, halafu nikaolewa. Sasa baba hayupo, ghala limebomolewa, na Doto ana karakana ya mabango Bariadi mjini. Mashine inamtolea herufi kabla chai haijapoa, vijana wanamwita mwalimu. Mimi nauza mchele sokoni. Juzijuzi alikuja kibandani. "Dada, nikuwekee bango? Bure kabisa."

"Kwanza uwaambie vijana wako nani alikufundisha."

Akacheka. "Kulwa, bado tu?"

Bado. Akaenda kumwekea bango jirani yangu, naye anauza mchele uleule. Wateja wanalisoma wakiwa mbali, wananipita. Kila asubuhi, kabla sijafungua gunia, nalikagua lile bango nitafute kosa. Sijalipata.