Mbebaji Chini ya Jiwe

Kicheko kilinifikia nikiwa bado nyuma ya duka la fotokopi, kabla sijaona uso wa mtu. Kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kukubaliana nani wa kuchekwa. Nilipotokea mbele, kikaongezeka.

"Mfiwa huyo!" kinyozi akapaza sauti. "Pole, mwandishi. Tunazika saa ngapi?"

Ruangwa nzima ilikuwa imeuona ukurasa mpya wa katuni kabla yangu. Katuni yetu ilikuwa na wababe wawili. Mbebaji nilimbuni mimi, kwetu Nachingwea. Alibeba begani Fuso lililojaa korosho. Mchimbaji alikuwa wa mwenzangu wa hapo Ruangwa; alikuwa mbabe wa mashimo ya madini ya Namungo, apasuaye mwamba kwa kichwa. Mwenzangu alichora picha na kuacha viputo vitupu, mimi nikavijaza maneno. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayemshinda mwenziwe. Sasa Mbebaji alilala chini ya jiwe, miguu tu ikionekana, imevishwa kandambili iliyokatika kamba. Juu ya jiwe Mchimbaji amekanyaga, mikono angani, kinywa wazi, viputo vyake viwili bado vitupu.

"Umemuua," nikamwambia mwenzangu, aliyekuwa katikati ya wachekaji.

"Utani tu, mtani. Au utakasirika?"

Kwao na kwetu ni watani tangu mababu. Siku tulipomzika babu yangu, shangazi ya mwenzangu alishuka kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, huku akimsimanga marehemu kwa uroho wake. Tulilia na kucheka pamoja. Mtani hakasiriki, akikasirika, ameshindwa. Kwa hiyo nikacheka. Nikaukunja ukurasa, nikapanda basi la kurudi nyumbani, na njia nzima nikawa natunga maneno ya kulipiza.

Sikugusa mstari hata mmoja wa mchoro wake. Kinywani mwa Mchimbaji niliandika: "Nakuomba, kaka, niachie mguu!" Kiputo cha pili: "Jamani, njooni, amenishika!" Maiti hakuwa ameachiwa kiputo. Nikamchorea mwenyewe, kimepinda kama kiazi, kikitokea chini ya jiwe: "Shikamoo yangu iko wapi?"

Nakala zilifika Ruangwa siku ya mechi. Mpira ulipokwisha, uwanja mzima ulikuwa ukimwimbia mwenzangu: "Shikamoo yake iko wapi?" Niliposimuliwa, nilikula ugali kwa hamu ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

Kesho yake alikuja kwetu. Mama alikuwa sebuleni akibangua korosho. Mwenzangu alimwamkia, kisha akanigeukia bila kuketi.

"Umemfanya mbabe wangu kinyago. Andika upya."

"Utani tu, mtani. Kaa, chai ipo."

"Sitaki chai yako! Mpaka watoto wa chekechea wananizomea!"

"Wangu ulimpa jiwe. Wako nimempa adabu."

"Nimekasirika!" akafoka. "Unasikia? Nimekasirika!"

Mama akaacha kubangua. "Mtani kasema nini?" akauliza, kama aliyesikia tusi msikitini.

Neno lilikuwa limeshatoka.

"Basi Mbebaji yu hai," nikasema. "Umeshindwa mbele ya shahidi."

"Nitatafuta mwandishi mwingine."

"Mtafute."

Alisimama mlangoni, nadhani akitaka nimwite mtani tena. Sikumwita. Kwetu mgeni husindikizwa hadi njia panda. Yeye nilimwacha avuke kizingiti peke yake, nikaubamiza mlango na kutia komeo angali barazani.